Chupa Namba Nne

Chupa ililetwa kwangu Nguvumali ikiwa imeviringishwa kwenye kanga mbili, na aliyeileta, binti wa mdogo wake Dokta Frida, aliitua juu ya meza yangu ya chakula kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. "Mama mkubwa alisema ikufikie wewe mwenyewe, mkononi," akaniambia. "Na alisema usiifungue." Dokta tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia, huko kwao Lushoto, kwenye ardhi iliyolowa ikatubandika matope hadi magotini, na mimi mazishini nilikaa nyuma kabisa kama mtu aliyepotea njia. Nikazifungua zile kanga. Ilikuwa chupa ya maabara, ya kioo kinene, kizibo kimezungushiwa nta, na ndani yake maji mekundu yanayoelekea zambarau, kama juisi ya choya. Ubavuni palikuwa na namba nne, niliyoiandika mimi mwenyewe kwa rangi yangu ya kucha nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Pamoja na chupa ilikuja bahasha. Sikuifungua mbele ya mgeni. Nilimpa chai na mihogo, nikamuuliza habari za barabara, nikamsindikiza hadi kituoni, kisha nikarudi kukaa mbele ya ile chupa. Nikaona wazi kwamba yule aliyenibebea uongo wangu ametangulia, na uongo umebaki mikononi mwangu. Na Pongwe yuko mtu mmoja aliyestahili kuusikia ukweli tangu zamani. Ni mzee sasa, na kila nikienda kwake hunipa chai.

Mwaka ule nilikuwa msaidizi wa maabara, kazi niliyoipata kwa sababu mkono wangu haukutetemeka nikimimina tindikali. Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani pale Usagara, vyumba viwili na ukumbi, dari imeliwa na mchwa, sakafu ya saruji iliyopasuka ambayo niliipiga deki kila asubuhi kabla ya kugusa kitu kingine. Chumba cha ndani tulipanga chupa ndani ya matangi ya kioo yenye maji, tukaziwashia balbu za kawaida za nyumbani, na joto lake lilikuwa kama la jiko la shughuli. Dokta Frida, Msambaa mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa akitafuta jambo moja tu: wale viumbe wadogo wanaitengenezaje rangi yao, hatua kwa hatua. Ni bakteria wanaoishi kwa mwanga kama majani yanavyoishi, ila wao hawatoi hewa safi. Pale ambapo jani huvunja maji, wao hula ile gesi inayonuka mayai viza. Rangi yao ni ndugu wa klorofili, ile ya kijani ya majani. Yao huitwa bakterioklorofili, na huitengeneza pale tu wanapokosa hewa. Ukiwapulizia hewa wanaacha kazi na kupauka. Siku yangu ya kwanza Dokta alichukua chupa nyekundu kama damu, akaikamua rangi yake kwa dawa, akaongeza dawa nyingine, akatikisa na kuacha ituame. Wekundu ukapanda juu, na chini yakabaki maji ya kijani yenye ubuluu. "Ule wekundu ni nguo tu," akasema. "Mwili wake ndio huu." Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu, na sioni haya kuandika hivyo. Nilikuwa najiona nimeingizwa kwenye siri ambayo mji mzima hauijui, na kiburi kikanikaa vizuri kama nguo ya Idi.

Alikuwa na aina moja ya bakteria hao ambayo ilikuwa mbovu. Ilianza kutengeneza rangi, ikafika katikati ikakwama, na ile rangi ambayo haijaiva ikamwagika nje ikachafua chupa nzima. Mimi niliziona kama chupa za kutupa. Dokta alizipenda kuliko zote, maana aliyekwama katikati ndiye anayekuonyesha katikati pakoje. Alikaa nazo mbele ya mashine ya kupimia mwanga, akiandika, akisahau kula, na mimi nikimsogezea sahani hadi kwenye kiwiko. Leo nikimkumbuka namwona hivyo, ameinama, miwani imeshuka puani, sahani ya wali wa nazi imepoa pembeni yake na inzi wanaizunguka.

Maji ya kuanzia kazi tuliyatoa kwenye shamba la mkonge upande wa Pongwe. Kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, ambacho sisi tulikiita korona zamani sana kabla jina hilo halijaharibika, kilimwaga maji ya makapi yake kwenye bwawa, na bwawa hilo lilikuwa jekundu. Jekundu la kutisha, kwa mtu asiyejua. Kambini wafanyakazi waliliita bwawa la damu. Siku moja nikiosha mikono nilisikia wanawake wawili wakinong'onezana upande wa pili wa bomba. "Korona haizunguki hivihivi, shoga. Inakunywa." Mwenzake akamjibu, "Na ndiyo maana kila Jumatano analetwa daktari. Kwani hujaona ana vichupa?" Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi mjini. Sikufikiri kwamba watu hao walikuwa wakiishi kando ya kitu ambacho hakuna aliyejisumbua kuwaeleza.

Mtunza bwawa alikuwa Simeoni, Muha aliyekuja kutoka Kigoma akiwa na kaptula moja na rozari, kama alivyopenda kusema. Jumatano tulikula kwake, chumba kimoja na baraza kwenye nyumba ndefu za kambi, ukuta wenye picha ya Bikira Maria na kalenda iliyopitwa na wakati. Mke wake, Mama Anjela, alitukaribisha mkekani kwa bada ya unga wa muhogo, maharage na dagaa. Ni mkekani pale Dokta alipomfundisha Simeoni kemia. Alitenga maharage manane pembeni mwa sahani. "Hivi ni vipande vidogo ambavyo bakteria anavyo tayari," akasema. "Anavifunga viwili viwili, vinakuwa vinne. Hivyo vinne anavizungusha, anapata pete. Hapa sasa ndipo njia panda. Katikati ya pete akiweka chuma," akaweka kichwa cha dagaa, "inakuwa ile iliyo kwenye damu yako wewe." Akakitoa kichwa cha dagaa, akaweka chembe ya chumvi. "Akiweka magnesiamu, inashika njia ya kuwa rangi ya jani, au ya bwawa lako." Simeoni aliitazama ile sahani kwa muda. "Basi Dokta, wale kina mama wa bombani hawajakosea sana. Bwawa ni damu." Dokta akacheka mpaka akapaliwa. "Si damu, Simeoni. Ni binamu yake." Na Mama Anjela, ambaye siku zote hizo alikuwa hapendi chakula chake kichezewe, akasema, "Daktari, huyo binamu anapoa. Kuleni."

Siku hiyohiyo Simeoni alisema jambo jingine, na hili ndilo linaloniamsha usiku. Alisema bwawa likiwa jekundu wao wanalala vizuri. Likipauka, kama wakati wa masika mawingu yanapokaa wiki nzima, linanuka hadi kanisani. Dokta akaacha kutafuna, akasema, "Andika hilo, Zubeda." Nami nilikuwa nimeshiba na mikono imejaa mchuzi, nikasema nitaandika tukifika mjini. Tulipofika mjini nilikuwa nimesahau.

Kisha mama yake Dokta akaugua, naye akaenda Lushoto kumuuguza, akaniachia funguo na orodha ya kazi. Meneja wa shamba alikuja Usagara mwenyewe, na kofia yake mkononi, akamuulizia. Nikamwambia hayupo. "Basi hata wewe, dada," akasema. "Nina wageni, wanunuzi, wanakuja mwezi ujao. Sitaki waanze kuniuliza lile bwawa lina nini. Na kambini maneno yamezidi, watu wanatishana. Hiyo rangi inaondokaje?" Nilitakiwa niseme ngoja Dokta arudi. Badala yake nilisimama wima kama niko mbele ya msimamizi wa mtihani. Nikamwambia kuna njia mbili, hewa au giza. Kupuliza hewa bwawa zima kunataka mashine, lakini wakinyimwa mwanga hawawezi kuendelea, rangi itakwisha yenyewe. Nikamwonyesha na chupa niliyoifunga kwa karatasi ya alumini, ndani yake maji meupe kama ya kuoshea mchele. "Kwa hiyo tufunike," akasema. "Mkifunika vizuri," nikamjibu. Akauliza kama hakuna madhara. Nikasema hakuna.

Chupa niliyomwonyesha ilikuwa ya tano. Ya nne, dada yake wa gizani, nilikuwa nimeifungua siku chache kabla meneja hajaja, na nilitoka nayo nje kwenye upepo kwa sababu ilininukia hata kabla kizibo hakijatoka. Nilipoifungua macho yaliniwasha. Nikaandika sentensi tatu kwenye daftari, nikaimwaga mtaroni, nikaiosha kwa sabuni mara mbili. Jibu lililohitajika lilikuwa ndani ya chupa ile: wale wekundu ndio waliokuwa wakiila gesi, na ukiwaweka gizani gesi inabaki bila mlaji. Sikuliona. Kwangu mimi rangi ndiyo ilikuwa sayansi. Harufu lilikuwa jambo la usafi. Nimefundisha kemia miaka mingi tangu hapo, na sijamwona mwanafunzi aliyekosea kwa namna ya kijinga kuliko ile, mwenye kuandika jibu kwa mkono wake halafu akaliosha kwa sabuni.

Walilifunika bwawa kwa maturubai meusi yaliyoshonwa pamoja, wakayakandamiza kwa mawe pembezoni. Wageni walikuja wakasifu usafi. Asubuhi moja baadaye nilikwenda kuchukua maji kama kawaida, nikamkuta Simeoni na mwenzake wanajiandaa. Bomba la kutolea maji lilikuwa limeziba kwa makapi, na vali yake ilikuwa chini ya shimo la saruji kando ya bwawa, lenye kina cha mtu na nusu. "Shikamoo kaka," nikamwamkia. "Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Lete chupa yako nikuchotee kabla sijashuka." Nilimpa namba nne, ndiyo iliyokuwa safi. Akainua ncha ya turubai, akageuza uso, akakohoa, macho yakamtoka machozi. Alichota, akaibana kizibo, akanirudishia. Kisha akasimama akinusa hewa kama mbwa, akacheka. "Ajabu. Mwanzo ilinipiga, sasa hata siisikii. Imeshatoka." Leo hilo ndilo jambo la kwanza ninalomfundisha mwanafunzi yeyote, kabla ya jina la kitu chochote: gesi hii ikizidi huiua pua kwanza, kwa hiyo harufu ikipotea ghafla, kimbia. Siku ile sikulijua. Niliitikia kwa kichwa. Akafunga suruali yake vizuri, akashuka ngazi ya chuma, na mguu wake ulipogusa chini akakaa kitako taratibu, kama mtu aliyechoka, akalala ubavu.

Mwenzake alitaka kushuka. Nilimng'ang'ania shati, nikapiga kelele, shati likachanika mkononi mwangu, na hilo ndilo jambo la maana pekee nililolifanya mwaka ule. Walimtoa kwa kamba na ndoano ya kuvutia mizigo ya mkonge, na walipomtoa ilikuwa imekwisha. Mama Anjela alikuja mbio na unga mikononi. Alinikuta nimekaa chini nimekumbatia chupa, nalia, na akaja kunishika mimi. Alidhani nalia kama watu wengine wanavyolia.

Dokta alirudi siku ya pili ya msiba. Alitoka kambini akaja maabara, akavua viatu, akaketi na daftari langu. Nilimsikia akifunua kurasa, kisha akaacha kufunua. "Namba nne uliifungulia wapi?" akauliza. Nikasema nje. "Kwa nini nje?" Nikasema ilinuka. Hakunigombeza. Alivua miwani, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Aliponisemesha tena aliniuliza kama nimekula. Jioni ile alinieleza kilichomuua Simeoni, na alinieleza kwa sauti ileile ya mkekani: gesi ile huenda kukishika kile chuma cha katikati ya pete, ndani kabisa ya mwili, pale hewa inapotumika, na mtu huvuta pumzi ambazo hazimfai tena kitu. Nikakikumbuka kichwa cha dagaa.

Kikao cha kuchunguza kifo hicho kilifanyika kwenye ofisi ya shamba. Mimi niliwekwa kwenye benchi la barazani, niitwe nikihitajika, na dirisha la wavu lilikuwa juu ya kichwa changu. Nilisikia kila neno. Mtu alimuuliza meneja ushauri wa kufunika bwawa ulitoka wapi, naye akaanza kusema, "Ulitoka maabara, kule..." Dokta akamkatiza. "Ulitoka kwangu," akasema. "Niliacha maelekezo kabla ya kusafiri. Ni kosa langu." Meneja alijua ni uongo, lakini uongo huo ulimfaa. Kumsikiliza daktari ni jambo moja, kumsikiliza binti mwenye rangi za kucha ni jingine. Hakubisha. Kati ya benchi na mlango palikuwa na hatua tano au sita. Nilitazama miguu yangu, nikaona vumbi kwenye viatu, nikainama nikavipangusa. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya wakati mwanamke mwingine akijivua maisha yake kwa ajili yangu. Sikuitwa, na sikuingia.

Utafiti ulifungwa. Dokta alirudi Lushoto, akafundisha shule ya sekondari, na ile aina iliyokwama katikati ilikufa kwenye tangi kwa kukosa wa kuihudumia. Mimi aliniandikia barua nzuri, nikapata chuo, nikawa mwalimu. Siku tulipoyafungasha maboksi niliikuta namba nne dirishani, nilipoisahau. Tangu ilipotoka gizani ilikuwa imekaa juani wiki tatu, na maji yake, yaliyokuwa meusi, yalikuwa yameanza kuwa mekundu tena. Waliobaki wachache walikuwa wameuona mwanga na kurudi kazini. Dokta aliichukua bila kusema neno. Tangu siku hiyo niliogopa kumwandikia, naye hakunidai barua. Nilichokifanya ni kwenda kwa Mama Anjela, kila sikukuu, na sukari na sabuni na vitenge, na yeye akinipokea kama mdogo wake, akiniwekea chai ya tangawizi kwenye kikombe chenye maua ambacho hakumpa mgeni mwingine. Kuna siku nilikwenda nimejiandaa kabisa kusema. Kikombe kikaja, nikanywa, nikaaga.

Ndani ya bahasha hamkuwa na barua. Palikuwa na ukurasa mmoja wa daftari uliokatwa kwa wembe, na mwandiko ni wangu. Ndipo nikaelewa kwamba aliukata kabla ya kikao, ili asiwepo wa kuusoma. Nilikaa nao siku mbili. Ya tatu nikaufunga pamoja na chupa kwenye zile kanga, nikaenda Pongwe.

Mama Anjela anaishi nje ya kambi sasa, nyumba ya matofali aliyojengewa na binti yake. Chumba cha mbele kina makochi na picha ya Simeoni akiwa ameshika baiskeli. Aliyaona macho yangu mekundu akanipa pole akidhani ni mafua, akaenda jikoni akarudi na chai kwenye kikombe chenye maua. Nilikuwa nimekishika wakati nilipoanza, na nikaogopa kwamba nikikiweka chini sitaendelea. Nikamwambia Dokta Frida amefariki. Uso wake haukubadilika. "Mungu anamjua," akasema. Nikafunua ile kanga, nikamwonyesha chupa, nikamwambia ni maji aliyoyachota mumewe siku ile, na ndani yake kuna viumbe hai hadi leo. Alinyoosha kidole akaigusa namba, akakirudisha. Kisha nikamsomea ukurasa. "Chupa namba nne, gizani. Haina rangi. Harufu kali sana ilipofunguliwa. Imemwagwa." Nikamweleza maana yake, na meneja alivyokuja, na nani aliyemwambia afunike, na nani aliyeketi kwenye benchi.

Aligeuka akatazama mlango. Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni. "Na yeye alijua kuwa ni wewe," akasema.

"Alijua."

"Alikuwa akija hapa. Hukujua hilo?"

Sikujua. Nikatikisa kichwa.

"Kila mwaka, siku ileile, mpaka miguu ilipomshinda. Anatoka Lushoto, anasimama pale mlangoni, anasema Mama Anjela ni mimi. Namwonyesha kiti. Hapo ulipokaa. Mimi naendelea na kazi zangu, yeye anakaa saa nzima peke yake, halafu anaaga. Nilimwambia maneno, Zubeda. Maneno ambayo mtu hamwambii mbwa. Nikamwambia umemla mume wangu. Hakunijibu hata siku moja. Mara moja aliomba maji, jua lilikuwa kali, nikamwambia bomba liko nje." Akakitazama kikombe mkononi mwangu. "Ndani ya nyumba hii hajawahi kunywa kitu."

Nikakiweka kikombe mezani, kando ya chupa.

"Kichukue," akasema.

"Mama Anjela..."

"Kichukue unywe. Miaka yote hii nilikuwa nakupa chai iliyokuwa ya kwake." Akavuta kiti chake karibu, akaketi mbele yangu, mikono juu ya magoti. "Kunywa mpaka iishe. Nataka nione."